Seti ya Kumbukumbu

4 Februari

Kitinda wangu,

Salamu nyingi. Namsalimu pia huyo anayefungua barua zetu kabla hazijakufikia. Mwambie nitajitahidi mwandiko usomeke, asije akaumia macho kwa ajili yetu.

Nyumbani wazima. Mama goti linamsumbua, lakini ulimi haujambo kabisa. Jana kamsema fundi bomba mpaka akarudi mwenyewe kuziba alipobomoa. Mimi nimepata kazi kwenye duka la uchapaji, lile lenye kioo kilichopasuka kona. Mwenye duka ni mama mmoja mwenye pumzi fupi. Kompyuta ameniachia mimi, maana anasema yeye akiigusa tu inaganda, kama punda aliyeona nyoka.

Wiki hii nimejifunza kutengeneza tiketi zenye namba zinazofuatana. Unafungua jedwali kwenye kompyuta (huko nako vile vijisanduku wanaviita seli, usicheke), unaandika namba ya kwanza na ya pili, kisha unashika kona unavuta chini. Namba zinajiandika zenyewe hadi mia nane. Ila ina kiburi: ukiandika 0001 inakuwekea 1, sifuri zote imezimeza. Mpaka uiambie kwanza kwamba hiyo si hesabu bali ni maandishi, ndipo inaziheshimu.

Kazi ngumu ni kukata. Karatasi moja inabeba tiketi nne. Mara ya kwanza nilipanga moja, mbili, tatu, nne kwenye karatasi ya kwanza, nikakata, nikajikuta na marundo manne ya kuchambua kama mchele wenye mawe. Kumbe karatasi ya kwanza ibebe 1, 201, 401 na 601, ya pili ibebe 2, 202, 402 na 602, hivyo hivyo. Ukikata rundo zima unaweka fungu juu ya fungu, zimejipanga.

Nimekuandikia yote haya ili usisikie kutoka kwa mwingine. Kazi yenyewe ni ya Ukumbi. Ule ule. Meneja alikuja dukani mwenyewe, hanijui, ananiita Binti Kompyuta. Nimeikubali.

Dada yako


12 Februari

Dada,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya tatu nikashindwa.

Hivi umesahau, au hukuwahi kujua? Wakati ule ulikuwa mbali kwa mumeo, labda habari zilikufikia zimeshachujwa. Basi nikukumbushe. Ukumbi ule unachukua watu mia nane. Siku ile waliingia zaidi ya elfu moja na mia mbili, kila mtu na tiketi yake mkononi, namba moja kwa watu wawili. Wakagombania viti, waliokosa wakarudi wote kwenye ngazi ya juu, ukingo ukang'oka. Kumi na saba walivunjika. Fundi viatu akafa pale pale, kipande cha tiketi kikiwa bado mfukoni. Meneja akasimama mahakamani na tai nyeusi, akasema, "Mwenye ufunguo wa droo ya tiketi ni karani wangu." Karani ni mimi. Miaka saba, Dada. Nimemaliza miwili na miezi minane.

Na kila baada ya muda analeta karatasi nitie sahihi, nikiri kwamba nilifanya peke yangu, halafu ataniombea nipunguziwe kifungo. Mjane wa fundi viatu hajanyamaza, anataka kesi ifunguliwe upya, ndiyo maana karatasi haiishi kuja. Nimeikataa mara nne. Mara ya nne nilinyimwa godoro wiki tatu, nikaikataa hivyo hivyo.

Leo dada yangu wa tumbo moja anamchapia tiketi, tena ananieleza kwa raha jinsi sifuri zinavyomezwa!

Iache kazi hiyo. Kama ni njaa, tufe njaa wote, wewe huko na mimi huku.

Kitinda


20 Februari

Mdogo wangu,

Sitaiacha. Kazi ni kazi.

Nikwambie kweli, Meneja mimi simwoni ubaya. Ni mtu wa watu. Juzi alivuta kiti akakaa karibu yangu saa nzima, akataka nimfundishe namba zinavyovutwa. Akarudia maneno yangu kama mtoto wa darasa la kwanza: "Unaandika mbili za mwanzo, unashika kona, unavuta mpaka mia nane." Akacheka, akasema dunia imeendelea. Mambo ya zamani yamepita, sote tuna maisha ya kuendesha.

Unamkumbuka yule jogoo wetu aliyekudonoa chini ya jicho ukiwa na miaka minne? Kumbuka jinsi nilivyokuwa nikimlisha mahindi kiganjani. Usinijibu kwa hasira.

Dada yako


27 Februari

Kwa Binti Kompyuta,

Salaam binti yangu. Sampuli nimeiona, imependeza, na namba zimesimama sawasawa. Tamasha letu ni Jumamosi tarehe 30 Machi, saa tisa alasiri. Tafadhali tengeneza kama ifuatavyo:

Seti ya kwanza, tiketi mia nane, namba 0001 hadi 0800, ya kuuzwa.

Seti ya pili, namba zile zile, rangi ile ile, karatasi ile ile. Hii ni ya kumbukumbu tu, itafungiwa kwenye kabati langu. Usiiandikie hati ya kupokelea mzigo. Nitaifuata mwenyewe, na ninadhani tunaelewana.

Una akili nyingi, utafika mbali.

Meneja


9 Machi

Dada,

Unanikumbusha jogoo! Mimi nimelala sakafuni kwa ajili ya ukweli, wewe unanisimulia kuku.

Leo wameileta tena ile karatasi, mara ya tano. Afisa aliiweka mezani, akasema, "Hata ndugu zako wameshaelewa maisha, umebaki wewe." Nikajua barua yako ameisoma, amecheka nayo nyumbani kwake. Nikawaza, ninamkatalia nani sasa? Nilikuwa nimeshika ukuta nikidhani upande wa pili na wewe umeushika, kumbe umekaa kivulini unakula.

Nimetia sahihi. Sikuisoma hata mstari mmoja.

Nimeomba pia jina lako liondolewe kwenye orodha ya wanaonitembelea. Meneja akikuuliza habari zangu, mwambie hukuwahi kuwa na mdogo. Mimi wenzangu nimeshawaambia dada yangu alikufa.

Mfungwa, si Kitinda wa mtu


15 Machi

Kitinda,

Sahihi umeweka lini hasa, saa ngapi, na nani alikuwepo? Nijibu hilo tu. Kingine chochote usiandike, nitukane baadaye.

Dada


2 Aprili

Kitinda,

Barua yangu ya tarehe 15 ilirudi, imeandikwa juu "Amekataa kupokea." Nikaja mwenyewe, kilomita zote zile, askari wa getini akapitisha kidole kwenye orodha akasema sina mtu humo ndani. Nilisimama nje na mfuko wa sabuni na soksi mpaka mvua ikanifukuza. Hiyo nitakudai maisha yako yote.

Hii utaipokea, kwa sababu inaletwa na afisa mpya. Yule wa zamani, aliyekuwa akizifungua barua zetu, kahamishwa jana. Unajua alikuwa nani? Shemeji yake Meneja. Niligundua Januari, nilipokuja kukuona. Mlinzi alimwita "shemeji wa Ukumbi" kwa utani, naye akacheka. Kila nilichokuandikia tangu siku hiyo nilikuwa ninamwandikia yeye, aone nimeridhika na asiwe na la kumpelekea Meneja. Sasa hii waisome hata kwa kipaza sauti.

Kazi ya Ukumbi haikunijia kwa bahati. Niliitafuta. Mume wangu aliposema nichague kati ya nyumba yake na kesi yako, nilifunga mizigo asubuhi. Nikaomba kazi maduka matatu, nikachagua hili kwa sababu lina kompyuta nzuri na liko mkabala na ofisi ya Ukumbi. Nikasubiri miezi mitano bila kukwambia, nikachapa kadi za harusi na kuwachekea watu. Meneja alipoingia mlangoni, Kitinda, nilisikia meno yangu yanasagana. Nikamwambia, "Karibu, mzee wangu."

Nilijua ataomba seti ya pili. Mtu aliyeiba akapona haachi, hubadilisha mlango tu. Akaiomba kwa mwandiko wake mwenyewe. Barua yake niliilaza chini ya godoro langu kama hirizi.

Seti ya kwanza nilichapa kama ilivyo. Seti ya pili niliongeza safu moja kwenye jedwali: chukua namba, ibandike nukta mwishoni. Nikavuta chini. Mia nane kwa kufumba jicho. Nukta yenyewe ndogo kama alama ya nzi, anayejua ndiye huiona. Tangu lile janga, kila mchapaji lazima apeleke orodha ya namba kwa afisa usalama wa majengo. Nikapeleka orodha, nikapeleka na barua ya Meneja, nikamweleza habari ya nukta. Afisa aliisoma akavua miwani. Akasema, "Tumwache auze." Nikamwambia, "Tumwache auze, lakini asiingie mtu wa mia nane na moja."

Jumamosi nilisimama ng'ambo ya barabara, nimejifunga mtandio. Mlangoni alikaa afisa na orodha, na kushoto kwake mjane wa fundi viatu na penseli. Alikuja mwenyewe kuomba nafasi hiyo. Kila tiketi ikipita, anakata namba. Hana haraka, anakata kama anayeshona.

Zilikuwa zimepita kama mia tatu alipofika mwalimu mmoja mnene na mkewe. Mjane akaangalia orodha, kama alivyonisimulia baadaye.

"Hii imeshaingia."

Mwalimu akacheka. "Basi nina pacha humo ndani, na kiti ameshanikalia."

Mjane akainua tiketi kwenye mwanga. "Ina nukta," akasema.

Wakawekwa pembeni, kwa adabu tu. Akaja wa pili, wa tatu. Walipofika sitini na tatu afisa akafunga mlango, polisi wakapanda ofisini wakafungua kabati. Walikuta fungu la tiketi za nukta ambazo hazijauzwa, zimefungwa kwa mpira. Unajua Meneja alisema nini? Alimnyooshea kidole binti anayekaa dirishani, karani mpya, hana hata mwaka kazini. "Mwenye ufunguo ni huyu!" Maneno yale yale. Yule binti akaanza kulia. Ndipo afisa akamwonyesha barua yake mwenyewe.

Nilimwona akishushwa ngazi katikati ya askari wawili. Tai imekaa upande. Nilitaka asikie, nikapiga kigelegele peke yangu katikati ya watu wasionijua. Hakunitambua.

Hakuna aliyeumia. Sasa niambie, hiyo karatasi uliyotia sahihi inasema nini? Maana wakili wake ameshaanza kuipunga. Anasema la juzi ni jambo jingine, lakini la miaka mitatu iliyopita karani mwenyewe amekiri.

Ulinipima kwa mizani gani, Kitinda? Mimi niliyekubeba mgongoni?

Dada


10 Aprili

Dada,

Sijui pa kuanzia. Niliona mahindi, nikasahau sufuria. Yule jogoo tulimla Jumapili, mimi nikapewa paja. Nilikumbuka usiku wa kuipokea hii barua yako, nikajipiga kofi mwenyewe mpaka jirani akauliza kuna nini.

Usinisamehe haraka. Nimewaambia wenzangu kwamba dada yangu kafufuka. Wakauliza kwa muujiza gani, nikasema kwa nukta.

Afisa mpya amenipa nakala ya karatasi. Nimeisoma sasa, nikiwa nimechelewa mwezi mzima. Nakunakilia sehemu yenyewe: "Mimi karani wa tiketi nilitengeneza seti ya pili kwa siri kwa kutumia jedwali la kompyuta ya ofisi. Niliandika namba mbili za mwanzo, nikashika kona, nikavuta mpaka mia nane."

Nilisoma nikasikia sauti yako. Hayo ni maneno yako, Dada. Uliyomfundisha Februari ameyatia kinywani mwangu Machi. Zile karatasi nne za mwanzo zilisema tu "nilitengeneza," bila kueleza vipi. Safari hii alitaka kuipamba.

Lakini miaka mitatu iliyopita ofisini kwetu hapakuwa na kompyuta! Dirisha langu lilikuwa na kiti, droo na feni mbovu. Tiketi zilikuwa zinagongwa kwa mkono na yule mzee wa kiwanda cha chapa, kwa mhuri wake wa chuma unaobadilisha namba kila ukigonga. Nenda kwake. Muulize nani aliagiza agonge mara mbili. Hakuitwa mahakamani kwa sababu wakati ule alikuwa hospitali, wamemfungua tumbo, nami wakili sikuwa naye.

Na kuna jambo jingine. Jana wameleta mahabusu wapya. Kwenye foleni ya uji aliyesimama nyuma yangu ni yeye. Amekonda shingo. Akanong'ona, "Mwanangu, yaliyopita si ndwele. Tusaidiane." Nilikuwa na bakuli la moto mkononi. Nilihesabu vidole vyangu vyote, kisha nikasogea mbele. Uji nikaunywa wote, nikimwangalia. Alisahau kunywa wa kwake.

Kitinda wako, ukinikubali


19 Aprili

Kitinda,

Nimekukubali, lakini sijakusamehe. Ni vitu viwili, na cha pili kina foleni.

Mzee nimemkuta. Anatembea na fimbo, masikio bado yanakamata. Nilipomtajia Ukumbi, akaingia ndani, akatoka na daftari la oda. Ukurasa ule upo: seti mbili, namba zile zile, "ya pili kumbukumbu," na sahihi ya Meneja chini. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Hakuna aliyeniuliza, mwanangu. Nilipotoka hospitali kesi ilikuwa imekwisha. Na nilimwogopa."

"Na sasa humwogopi?"

"Sasa namwogopa yule mama mwenye penseli."

Mjane alikuwa amenitangulia kumtembelea. Amepita kila nyumba, huyu mama. Kesho tunakwenda wote watatu kwa wakili wa mjane.

Usimguse. Nasema tena, usimguse hata akikukanyaga mguu. Namtaka mzima, anayesikia vizuri.

Dada


3 Mei, kutoka mahabusu

Kwa Binti Kompyuta,

Binti yangu, naandika kwa unyonge. Najua polisi walikuja dukani wakakunyang'anya ile barua yangu kwa nguvu, wala sikulaumu. Wewe ni mtoto mwema, na siku ya kwanza nilipokuona nilisema moyoni, huyu ana roho safi.

Nakuomba kitu kidogo. Nimeambiwa utaitwa kama shahidi. Sema tu kwamba ile nukta ni kosa la kompyuta, kwamba ilijitokeza yenyewe kwenye baadhi ya tiketi, na kwamba hakukuwa na seti mbili bali moja iliyochapwa vibaya. Nani atabishana na mashine? Kuhusu lile janga la zamani usihangaike, mwenyewe ameshakiri, ni kijana mmoja hivi wa hovyo ambaye hana mtu.

Nikitoka sitakusahau.

Baba yako, Meneja


24 Mei

Meneja,

Barua yako nimeipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa mahakamani, na baada ya hapo nilikuwa na mgeni wa kumpikia.

Unataka niseme nukta ni kosa la kompyuta. Kompyuta haina akili ya kukosea hivyo, inafanya inachoambiwa. Niliiambia mimi. Nilikaa kwenye kile kiti ulichokuwa ukikalia, bado kina joto lako, nikaandika ile nukta nikiwaza sura yako.

Polisi hawakuninyang'anya chochote. Barua yako niliipeleka mwenyewe, kwa miguu, nimevaa viatu vyangu vya harusi.

Unasema yule kijana wa hovyo hana mtu. Ana mtu. Mimi ni dada yake, tumbo moja, ziwa moja. Ulipokuwa ukiniita binti yako na kunisifu akili, nilikuwa nahesabu siku za kifungo chake. Zilikuwa elfu moja na kumi na tatu siku ulipochukua seti yako ya kumbukumbu. Nilikufungia vizuri, nikakukabidhi kwa mikono miwili. Ulisema nina adabu.

Alhamisi jaji alisoma karatasi yako kwa sauti, akauliza kompyuta ya ofisi ilinunuliwa lini. Mhasibu wako akajibu: mwaka jana. Jaji akairudia tarehe mara mbili. Kisha akaingia mzee na daftari lake. Saa nane mchana mdogo wangu alitoka mlango wa mbele, si ule wa nyuma wanaopitishiwa wafungwa. Mama, na goti lake lile, alikimbia.

Sasa amekaa kwenye kiti cha wateja, ananitazama nikiandika. Amekula sahani mbili na bado macho yake hayatulii, mlango ukigongwa anasimama wima. Hilo nalo ni lako, sijalisahau. Ameniambia nimalizie kwa upole, maana huko ndani amekuona ukilia. Nimekataa. Yeye alikuona ukilia wiki sita. Mimi nilimsikiliza yeye akilia miaka mitatu, tena kwa maandishi, na barua nyingine zilikuja zimeloana.

Kesi yako ya kifo cha fundi viatu itaanza tarehe 11 Juni, saa tatu asubuhi, chumba namba nne. Mjane aliniuliza, nikamwandikia kwenye karatasi asije akapotea. Amesema atakuja mapema na kukaa mstari wa mbele, siku zote, mpaka mwisho. Nimemwambia anishikie nafasi.

Dada wa Karani